Mwendo wa Paluku

Kama unasikia mtu anakufuata njiani, na kila ukigeuka hayupo, usikimbilie kwa watu wa maombi. Kwanza kaa chini, vua viatu, utazame nyayo zako. Mimi nilianza na maombi, ndiyo maana mguu wangu wa kushoto una vidole vitatu.

Naitwa Mwalimu Kambale. Nafundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi hapa Butembo, juu kilimani, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Aliyeniambia niandike ni muuguzi wa mji wa Beni aliyekuwa akinifunga kidonda. Alisema, "Mwalimu, weye unajua kuandika. Andika, ili bengine basichelewe sawa na weye." Basi naandikia hao wengine, na hasa walimu wenzangu, maana sisi tunapenda sana kufundisha mambo ambayo wenyewe hatuyafuati.

Nianze na kiti. Kwenye ratiba, saa ya kwanza ya Jumanne na Ijumaa ni mazoezi ya mwili, na aliyeyafundisha darasa la tano nilikuwa mimi. Niliyafundisha nimekaa. Nilikuwa na kiti cha mbao chini ya mikaratusi, filimbi shingoni, na chupa ya sucré karibu na miguu, ile soda nyekundu ambayo wazazi walipenda kuniletea kama shukrani. Tumbo langu lilikuwa la heshima. Wazazi wakinitazama walisema, "Ile shule, balimu yake banakula," na mkurugenzi wa shule alifurahi kusikia hivyo, nami pia.

Nilipuliza filimbi, watoto wakazunguka kiwanja. Upande wa pili ulimezwa na ukungu, kwa hiyo waliingia mle ndani wakapotea, kisha wakatoka tena mmoja mmoja wakihema. Niliwalinda kwa masikio. Kishindo cha miguu yao kikipungua nilijua kuna mvivu amekaa upande ule ambao simwoni, nikapuliza tena. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba masikio yangu yalikuwa mazima.

Mvua za Septemba zilikuwa zimerudi nilipomsikia mara ya kwanza. Nilikuwa natoka shuleni mchana, njia ya udongo tupu, uzio wa mianzi huku na huku. Nyuma yangu mtu alitembea. Hatua moja ilikuwa ya kawaida, hatua ya pili ilipiga chini kama kofi. Nikasimama, naye akasimama. Nikageuka nikaona kuku wawili na maji yaliyotuama. Katika miaka hii yetu ya vita mtu wa huku hacheki akisikia hatua nyuma yake. Kesho yake nikabadilisha njia, na kwenye njia ile mpya alikuwepo.

Kilichonitisha ni kwamba hakuhitaji giza. Alikuja saa sita, jua likiwaka. Aliingia nami darasani. Nikitembea kati ya madawati juu ya sementi nilimsikia vizuri kuliko njiani, hatua na kofi, hatua na kofi, na watoto arobaini wakaandika imla kana kwamba hakuna kitu. Nilifikiri ni mimi peke yangu ninayemsikia. Kumbe watoto walimsikia pia, ila wao walijua ni nani, na hakuna aliyewauliza.

Wiki hizohizo nilishikwa na kiu. Nilikunywa maji, nikanywa chai, nikanywa sucré mbili kwa siku, kisha tatu, na ulimi ukabaki mkavu kama ubao. Chooni niliona sisimizi wamepanga mstari, wote wakielekea mahali nilipokojoa. Nilimwaga maji ya moto. Baada ya saa moja mstari ulikuwa umerudi. Sikumwambia mtu, hata Masika mke wangu. Utamwambiaje mkeo kwamba wadudu wanakutafuta?

Jumapili moja nilitoka ibadani mbele ya wengine. Mama yangu, ambaye anakaa nasi, alikuwa uani amenipa mgongo, anamenya maharage. Niliingia bila kusema kitu. Mama hakugeuka. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Paluku, karibia. Chakula iko tayari."

Paluku ni kaka yangu, mzaliwa wa kwanza. Wakati huo alikuwa na miaka minne kaburini.

"Mama, ni mimi, Kambale," nikasema.

Aligeuka, na ungo ukaanguka. "Weye? Mais, lakini nilisikia Paluku. Ile mwendo ni ya Paluku. Mimi nilimuzaa, siwezi kosa."

Sasa lazima nieleze habari ya Paluku, na hapa ndipo ninapoona aibu. Kaka alikuwa mfanyabiashara wa Kayna na Butembo, mtu mkubwa, mwenye kicheko. Kisha akakonda, mguu ukaoza, ukakatwa, akafa. Katika familia yetu tulisema ni sumu. Na aliyekuwa akimpikia ni nani? Mke wake, Kahambu, mwanamke tuliyeletewa kutoka Kayna. Hatukumpiga. Tulimfungia mlango tu, tukaacha kumwita shemeji, na tukawaacha watu wajue sababu.

Kahambu hakurudi kwao. Alichukua beseni akaketi kwenye mlango wa shule yetu, akauza mayai ya kuchemsha, mahindi, karanga, avoka na ndizi mbivu. Kwetu anayekupa chakula au kinywaji huonja kwanza mbele yako, ili moyo wako utulie. Kahambu alionja zaidi ya desturi. Kila yai alilolimenya alivunja kipande akala, hata kwa mtoto wa miaka sita. Lakini mimi nilikuwa nimeshawaambia wanafunzi wangu wasinunue pale. Sikutaja sababu. Mwalimu akikataza bila sababu, watoto wenyewe hutafuta iliyo mbaya kuliko zote. Basi walimpita mbio wakaenda kwenye kibanda cha upande wa pili, kwenye mandazi, biskuti na barafu za rangi zinazobaki mdomoni mpaka jioni.

Masika aliposikia kwamba Mama ameita jina la marehemu, aliwaita akina mama wa kikundi cha maombi. Walikuja sita, wakaweka mikono kichwani pangu, wakamfukuza yule anayenifuata. Waliniagiza nifunge siku tatu kila juma mpaka aondoke. Nilifunga. Jioni nilifungua kwa mkate mweupe na sucré, ili nguvu zirudi, kama walivyonielekeza kwa upendo mkubwa. Mwezi wa kumi na moja ukaisha nikiwa nimetoboa mkanda matundu manne. Kanisani walinipongeza. "Mwalimu anapungua, Mungu anatenda," walisema, na mimi niliyekuwa nikishika ukuta kwenda chooni nikasema amina.

Hatua hazikuondoka. Masika akaanza kulala chumba cha mabinti zetu. Hakusema anaogopa, alisema mtoto mdogo anakohoa. Mtoto hakuwa anakohoa. Hilo liliniuma kuliko mambo yote ya mwaka ule, maana miaka kumi na tisa hatukuwahi kulala mbalimbali isipokuwa kwa msiba.

Januari, jua kidogo likitoka, nilikuwa nafundisha kugawanya. Huwa tunahesabia vifuniko vya chupa, na mimi nilikuwa na vingi kuliko mwalimu mwingine yeyote, unajua kwa nini. Nilipita kati ya madawati nikigawa vifuniko, nikarudi ubaoni, nikasikia darasa limenyamaza. Watoto walikuwa wanatazama sakafu. Kutoka dawati la mwisho mpaka ubaoni kulikuwa na alama nyekundu, moja moja, zimepangika vizuri kama mazoezi ya mwandiko.

Msichana wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, kuko mutu anatoka damu."

"Nani?" nikauliza. Niliuliza kwa ukali, nikiwatafuta kwa macho. "Nani ameumia? Asimame!"

Hakuna aliyesimama. Yule msichana akasema polepole, "Ni weye, Mwalimu."

Nilikaa nikavua kiatu. Ndani kulikuwa na kifuniko cha sucré, meno yake juu, kimeingia kwenye nyama chini ya vidole na kutoboa soksi, na damu ilikuwa ikipenya soli iliyochakaa. Kilikuwa mle tangu asubuhi. Nilikitoa kwa mkono wangu, nikiangalia, na sikusikia maumivu yoyote. Nilikibonyeza tena pale pale nihakikishe. Ilikuwa kama kubonyeza mguu wa mtu mwingine. Watoto walianza kulia kabla yangu.

Hospitali ya Butembo walinichoma kidole wakaweka damu kwenye kipimo. Kipimo hakikutoa namba, kilionyesha herufi tu. Muuguzi alisema sukari imepita pale kipimo kinapoweza kuhesabu. Nilikaa kwenye benchi la mbao siku nne, nikiingia na kutoka, na siku ya tano daktari alinusa kidonda kabla ya kukitazama. Alisema labda mguu utakatwa. Alisema pia kwamba Beni kuna watu wanaojua vidonda vya namna hii, nijaribu huko.

Dada yangu Kavira ameolewa Beni, anakaa mtaa wa Bungulu. Alinipokea kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kunigombeza tukiwa watoto. "Hapa sukari haingie," alisema mlangoni. "Hata batoto yangu bananywa chai bila sukari mpaka weye upone. Banakuchukia tayari, donc basi uzoee." Kwake sikuhesabu siku, nilihesabu vitambaa. Kidonda kilifungwa kila siku ya pili. Kitambaa cha kumi na saba, mvua za Machi zikaanza. Kitambaa cha ishirini na moja, wakanitoa vidole viwili, na walichosema kuhusu mguu wenyewe ni kwamba tungoje.

Kungoja kule Beni kuna namna yake. Benchini walikuwepo watu waliokatwa kwa mapanga shambani na watu wa risasi, na gari likija na majeruhi sisi wengine tulisogea bila kuambiwa. Niliona haya. Mtu akiniuliza nimeumizwa na nani, ningesema nini? Nimeumizwa na soda, nikiwa kwenye kiti changu.

Baba mmoja wa Vuhovi, mkulima, alikuwa akikaa kando yangu kila mara. Mguu wake wa kulia uliishia gotini.

"Weye, batakukata wapi?" aliniuliza siku moja, kama mtu anayeuliza unashukia wapi.

"Bado. Banangoja kuona."

"Inauma?"

"Hapana. Sisikie kitu. Unaweza weka makaa ya moto, sitajua."

Alipapasa goti lake. "Mimi wangu balikata kabla ya Noeli. Bandugu baliuzika ule muguu kwetu Vuhovi, kati ya migomba. Mais kila mangaribi vidole binaniwasha. Nanyoosha mukono nikwaruze, nakuta blanketi tu. Na mvua ikinyesha Vuhovi, unakuwa baridi. Nauliza kwa telefoni, banasema ndiyo, leo imenyesha."

Yeye hakuwa anatania. Tulikaa pale wawili, mmoja anausikia mguu ulioko kaburini, mwingine hausikii ulio mbele ya macho yake, na nje jua la saa nne lilikuwa linawaka.

"Ingefaa tubadilishane," akasema. "Nikupe kusikia kidogo, unipe muguu."

Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kuangalia. Ndiye huyu aliyeniambia niandike. Siku hiyo, akifungua kitambaa, aliniuliza, "Papa Mwalimu, kwenu nani alikufa na hii maladi, hii ugonjwa?"

"Hakuna. Kaka yangu alikufa, mais ni sumu."

"Balimukata muguu?"

"Ndiyo."

Aliendelea kusafisha. "Sumu haikate muguu, Papa. Ni sukari inakata." Kisha akaniambia habari ya zile hatua, bila mimi kumwuliza. Alisema mguu uliokufa ganzi hauwezi kuinua vidole, hivyo unyayo unapiga chini, na mwenyewe hasikii akikanyaga, anasikia sauti tu. "Bengi banasema kuko mutu anabafuata," alisema. "Ni beye benyewe."

Nililia pale kitandani. Nilikuwa nimefunga siku tatu kila juma ili nifukuzwe mimi mwenyewe.

Jioni ile nilimpigia Mama simu. "Mama, Paluku alikuwa na kiu?"

"Alikuwa ananywa, ananywa, mutungi inaisha," akasema. "Na pa choo kulikuwa sisimizi. Mingi. Tulisema ni bulozi, ni uchawi."

"Na Kahambu? Alisema nini?"

"Alisema tumupeleke hospitali. Alisema mara tatu." Nilisikia pumzi yake. "Sisi tulisema anataka kumutoa kwetu, aende kumumaliza mbali."

Mguu ulibaki. Mwisho wa Mei nilirudi Butembo na karatasi mbili. Moja iliagiza nitembee kila siku, na kabla ya kuvaa kiatu nikikung'ute na mtu mwenye macho atazame nyayo zangu. Masika alizitazama asubuhi ya kwanza, taa mkononi, uso karibu kabisa na ngozi, na tangu siku hiyo mtoto mdogo akaacha kukohoa.

Jumanne niliiacha filimbi nyumbani. Kiti nilikirudisha darasani. Nilimwambia mkurugenzi kwamba saa ya mazoezi, iliyokuwa imeliwa na hesabu nilipokuwa Beni, irudishwe, akatazama mguu wangu akakubali. Watoto walishangaa kuniona nimesimama pamoja nao mstarini, nikiwa nusu ya yule wanayemjua. Tulizunguka, wao mbio, mimi kwa kutembea. Kwa mara ya kwanza niliingia upande ule wa ukungu. Mle ndani huoni mkono wako. Walinipita huku na huku kama pumzi tu na kishindo, na katikati ya kishindo kile nilisikia hatua na kofi, hatua na kofi, ya mtu mmoja. Nilijua ni mimi. Hata hivyo nilisema kimyakimya, "Twende, kaka," maana sikuona ubaya wa kuwa naye.

Karatasi ya pili ilikuwa ya chakula. Niliisoma kwenye benchi la Beni, nikaisoma tena nyumbani. Mayai. Avoka. Karanga. Maharage, majani, mahindi kwa kiasi. Isipokuwa maharage na majani, vyote vilikuwa kwenye beseni la Kahambu, kwenye mlango wa shule, kila asubuhi kwa miaka minne.

Ijumaa nilitoka nyumbani mapema. Ukungu ulikuwa bado mzito na watoto walikuwa wanaanza kufika. Kahambu alikuwa amenipa mgongo, anapanga mayai. Nilipokaribia, mikono yake ilisimama. Hakugeuka.

"Mwalimu," akasema.

"Shemeji," nikasema. Neno hilo lilikuwa zito mdomoni. "Umejuaje ni mimi?"

"Ni mwendo." Aliongea na beseni lake. "Tangu Septemba nakusikia. Unapita hapa, unatembea sawa na Paluku ya mwaka wa mwisho. Kila siku nilitaka kukuambia, Mwalimu, nenda bakupime sukari. Mais nani angenisikia? Mungesema, ule mulozi ameanza tena, sasa anaita kifo ya mudogo wa bwana yake. Donc nilinyamaza. Nilihesabu hatua zako tu, nikaomba."

Vidole vyangu viwili vilikuwa vimezikwa Beni, na kaka yangu mzima alikuwa amezikwa hapa, kwa sababu mwanamke mwenye kujua alikuwa amefungwa mdomo na sisi wenyewe. Nilisema, "Tulikukosea. Mimi nilikukosea zaidi, nilikataza hata batoto." Nilisema kwa sauti, kwa kuwa watoto walikuwa wamesimama nyuma yangu, darasa langu karibu lote, wakingoja kuona mwalimu anafanya nini mahali alipowakataza.

"Nipe yai," nikasema.

Alichukua yai, akaligonga, akalimenya. Kisha, kwa mazoea ya miaka minne, akalipeleka mdomoni avunje kipande cha kuonja. Nikamshika mkono.

"Hapana, shemeji. Usionje."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Akanipa yai zima. Lilikuwa la moto, na joto lake nililisikia vizuri kwenye vidole vya mkono. Nililila lote polepole, mbele ya watoto, na hakuna aliyeonja kabla yangu.